Kutoka Pembe hadi Muundi: Historia ya Nati ya Gitaa

Septemba 1833, mjini Muscat, Sayyid Said bin Sultan alitiliana saini mkataba wa biashara na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts. Mkataba huo uliwapa Wamarekani ruhusa ya kununua na kuuza katika himaya yote ya Sayyid, Unguja ikiwemo, na waliochangamkia fursa hiyo zaidi walikuwa wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Walileta kitambaa cha pamba ambacho pwani na bara kilikuja kuitwa merikani. Wakaondoka na sandarusi, karafuu na pembe za ndovu. Miezi miwili baadaye, Novemba, fundi wa Kijerumani aitwaye Christian Frederick Martin alishuka melini New York, akafungua duka la ala za muziki katika mtaa wa Hudson. Kampuni aliyoianzisha inatengeneza magitaa hadi leo katika mji wa Nazareth, Pennsylvania.

Sayyid na Martin hawakujuana. Kilichowakutanisha ni soko la pembe, pamoja na sehemu moja ya gitaa ambayo wapigaji wengi hawaitazami mpaka iharibike.

Nati, ambayo haina udugu wowote na ile ya bolti, ni kile kipande chembamba kilichokaa mpakani mwa shingo na kichwa cha gitaa, chenye mifereji sita inayopitisha nyuzi kuelekea kwenye vigingi. Ndiyo inayoamua nyuzi ziachane kwa nafasi gani. Ndiyo inayoamua uzi uinuke kiasi gani juu ya freti ya kwanza. Na uzi unapopigwa wazi, bila kubanwa na kidole, urefu wake unaotoa sauti huanzia hapo na kuishia darajani. Nati ya gitaa la umeme la Fender ina urefu wa milimita 42 hivi kutoka upande mmoja wa shingo hadi mwingine. Ya Gibson ni 43. Ya gitaa la klasiki la Kihispania ni 50 hadi 52. Kipande hicho kinaingia kwenye kisanduku cha kiberiti, lakini kikichongwa vibaya gitaa zima hupoteza thamani.

Kabla ya Martin, pembe shingoni mwa gitaa ilikuwa alama ya ukwasi. Katika karne ya 17 mafundi kama Matteo Sellas wa Venice na Joachim Tielke wa Hamburg waliyavika magitaa ya wakubwa pembe na mbao nyeusi kwa nakshi nzito, hata leo yakitazamwa kwenye makumbusho mtu hujiuliza kama kweli yalipigwa. Nati ilikuwa sehemu ndogo ya pambo hilo. Kiufundi haikusumbua sana, kwa kuwa nyuzi za wakati huo zilisokotwa kwa utumbo wa kondoo, na utumbo ni laini, haukuichimba. Katika karne ya 19, Antonio de Torres wa Almería, Hispania, aliyefariki 1892, alilipa gitaa umbo ambalo gitaa la klasiki linalo mpaka sasa, nyuzi zikiwa na urefu wa milimita 650 hivi. Kipimo hicho huanzia kwenye ukingo wa mbele wa nati. Ukingo huo ukisogea hata kidogo, hesabu yote ya freti inaharibika.

Martin mwenyewe aliondoka kwao kwa sababu ya ugomvi wa mafundi. Alizaliwa 1796 Markneukirchen, mji wa Saxony uliojaa watengenezaji wa ala, katika ukoo wa maseremala wa samani. Akiwa kijana alikwenda Vienna kujifunza kwa Johann Georg Stauffer, mmoja wa mafundi magitaa wenye sifa kubwa kabisa Ulaya ya wakati ule. Aliporudi nyumbani alikuta chama cha mafundi fidla kimeng'ang'ania kwamba gitaa ni haki yao peke yao. Maseremala, kwa maoni yao, walifaa kutengeneza makabati. Kesi hiyo ilianza 1826 na ikaburutwa kwa miaka. Maseremala walishinda mwishowe, lakini Martin alikwishachoka. Mwaka 1833 akapanda meli, na mwishoni mwa muongo huo akahamia Nazareth, penye wahamiaji Wajerumani wenzake.

Kwenye magitaa yake ya bei ya chini nati ilikuwa ya mti mweusi. Kwenye yale ya bei ya juu ilikuwa ya pembe, na baadhi yake yalipata ukingo wa mwili wa pembe na hata daraja zima la pembe. Mnunuzi aliweza kujua bei ya gitaa akiwa mlangoni mwa duka, kabla hajasikia sauti yake.

Pembe hizo zilitoka wapi? New York ilipokea pembe kutoka pande nyingi za Afrika, na bandari iliyotajwa kuliko zote katika biashara hiyo ilikuwa Unguja. Wanunuzi wa Marekani na Uingereza waliipenda pembe ya Afrika Mashariki kwa sababu ilikuwa laini chini ya msumeno na haikupasuka kwa urahisi. Ilipimwa kwa frasila, kila frasila takriban kilo 16, na ililetwa mabegani mwa watu kutoka Manyema na Ujiji, kupitia Tabora, hadi Bagamoyo. Kadiri ndovu walivyokwisha karibu na pwani, ndivyo misafara ilivyozidi kwenda mbali. Mfanyabiashara Hamed bin Muhammed el-Murjebi, anayejulikana zaidi kama Tippu Tip, aliifuata pembe hadi ndani ya Kongo, na habari za safari zake alizisimulia mwenyewe kwa Kiswahili katika maisha yake yaliyoandikwa. Alifariki Unguja mwaka 1905. Katika njia hizo hizo ziliposafiri pembe walisafirishwa pia watumwa, na vijiji vilivyokuwa njiani vililipa kwa chakula, kwa watu na kwa damu.

Upande wa pili wa bahari, katika jimbo la Connecticut, palikuwa na miji miwili jirani iliyokula kwa pembe: Deep River na kijiji ambacho jina lake lenyewe ni Ivoryton, yaani mji wa pembe. Kampuni za Pratt, Read na Comstock, Cheney zilikata pembe kuwa vipande vyembamba vya vitufe vya piano, kisha zikavianika wiki kwa wiki ndani ya mabanda marefu ya kioo ili jua livitoe umanjano. Ernst Moore, aliyekaa Unguja mwanzoni mwa karne ya 20 akinunua pembe kwa niaba ya kampuni ya Arnold, Cheney ya New York, alirudi kwao na mwaka 1931 akatoa kitabu cha kuilaani biashara ile ile iliyomlisha. Lawama yake ilichelewa, lakini ilitoka kwa mtu aliyeushika mzani mwenyewe.

Haki itendeke kwa magitaa: hayakuwamaliza ndovu. Piano, mipira ya biliadi, vitana na vipini vya visu vilimeza pembe kwa tani, na nati haizidi gramu chache. Lakini nati ya pembe iliishi juu ya soko hilo. Bila vitufe vya piano, fundi wa Nazareth asingepata pembe iliyokaushwa vizuri, tena kwa bei ya kuvumilika.

Mwaka 1918 Martin aliacha ukingo wa pembe na kuhamia seluloidi iliyotiwa mistari ifanane na pembe. Nati za pembe ziliendelea kwa muda, hapa na pale. Kilichofuata kilibadilisha kazi ya nati kuliko sheria yoyote: nyuzi za chuma. Kuanzia 1922 kampuni hiyo ilitoa gitaa lililojengwa makusudi kwa ajili ya nyuzi hizo. Uzi wa chuma unavuta kwa nguvu zaidi kuliko wa utumbo, na ule mnene uliozungushiwa waya hufanya kazi ya msumeno kila unapokazwa au kulegezwa. Mfereji uliodumu maisha mazima chini ya utumbo sasa uliweza kuliwa katika miaka michache. Wapigaji wa klasiki walinusurika. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Albert Augustine wa New York, akishirikiana na mpigaji Andrés Segovia, alileta nyuzi za nailoni, nazo ni laini kwa nati kama zilivyokuwa za utumbo.

Sheria ilikuja mwishoni. Mnamo Julai 1989 Rais Daniel arap Moi aliwasha moto tani 12 za pembe jijini Nairobi. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopendekeza ndovu wa Afrika apewe ulinzi wa juu kabisa, na Oktoba mwaka huo mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, huko Lausanne ukakubali; biashara ya kimataifa ya pembe ikapigwa marufuku kuanzia 1990. Mwaka 2013, mjini Bangkok, nchi wanachama zilianzisha cheti maalumu cha ala za muziki, ili mwanamuziki aweze kuvuka mipaka na ala yake ya zamani bila kuonekana mlanguzi. Julai 2016 Marekani iliibana biashara ya ndani, ikasamehe vitu vya zamani vyenye pembe isiyofika gramu 200, na msamaha huo ndio unaoyakinga magitaa mengi ya karne ya 19 yaliyomo mikononi mwa watu.

Hapa ndipo wapenzi wa pembe husema kwamba hakuna kitu kitakacholia kama pembe. Dai hilo lina tundu. Mpigaji akishabana uzi kwenye freti yoyote, urefu unaotoa sauti huanzia kwenye freti hiyo ya chuma, na nati inabaki nyuma ya kidole bila kazi ya maana. Tofauti ya nati, kama ipo, husikika kwenye nyuzi zilizo wazi. Hata hapo, nati ya pembe iliyochongwa vibaya hushindwa na nati ya mfupa iliyochongwa vizuri, kila siku na kila gitaa. Sifa ya pembe ilikuwa katika urembo wake na wepesi wake wa kuchongeka. Masikio yalisadiki kile ambacho macho yalikwishanunua.

Viwanda navyo vilijaribu kila kitu. Plastiki iliyo tupu ndani, ambayo bado imo kwenye magitaa mengi ya bei nafuu, ni rahisi na ni mbaya. Mikata, yaani tabaka za kitambaa au karatasi zilizogandishwa kwa gundi ya kiwandani, ni ngumu na ya kuaminika. Corian ya kampuni ya DuPont ilibuniwa kwa ajili ya meza za jikoni, ikaishia shingoni mwa magitaa. Katika miaka ya 1970 ilizuka homa ya nati za shaba nyeupe, kwa imani kwamba uzito huongeza mlio. Kampuni ya Graph Tech ya Kanada, iliyoanzishwa na Dave Dunwoodie katika miaka ya 1980, ilikuja na nati zenye grafiti ili uzi uteleze, kisha ikatoa Tusq, pembe ya kutengenezwa kiwandani. Floyd Rose, mpigaji na fundi, alichukua njia nyingine kabisa: nati ya chuma yenye skrubu zinazobana nyuzi zisisogee, ambayo Eddie Van Halen aliitangaza kwa vidole vyake kuliko tangazo lolote.

Kisa cha kuchekesha kuliko vyote ni cha Gibson. Mwaka 2015 kampuni hiyo iliweka kwenye magitaa yake mengi nati ya shaba inayopandishwa na kushushwa kwa skrubu, pamoja na freti ya sifuri mbele yake. Kwa karatasi wazo lilikuwa zuri. Kila mtu angejirekebishia mwenyewe. Wanunuzi walinuna, na mwaka uliofuata nati ya kawaida ikarudi kwenye magitaa ya mtindo wa zamani. Freti ya sifuri yenyewe si kioja. Magitaa ya Selmer ya Paris, yale ya Django Reinhardt, yalikuwa nayo, na Gretsch waliitumia kwa miaka mingi.

Katikati ya vurugu hizo, mafundi wa mkono walibaki na kitu kilichokuwapo tangu zamani: mfupa wa ng'ombe.

Mfupa unaofaa ni wa muundi au wa paja, kwa sababu kuta zake ni nene, zimenyooka na zimeshikamana. Ncha zake zenye vitundu hazifai. Mfupa ukitoka bucha hukatwa vipande virefu, uboho ukatolewa, ukachemshwa kwa moto mdogo na kuloweshwa kwenye maji ya sabuni, yakibadilishwa hadi mafuta mengi yatoke. Mwenye asetoni huuloweka humo baada ya hapo. Kisha hukaushwa kivulini, polepole. Jua kali huupasua. Weupe wa dukani hutokana na dawa, na dawa ikizidi mfupa huwa mkavu na wa kumeguka, ndiyo maana mafundi wengi hupendelea ule wenye rangi ya maziwa yaliyolala. Mafuta kidogo yaliyobaki ndani husaidia uzi kuteleza. Onyo moja: vumbi la mfupa linanuka kama nywele zilizoungua, na si la kuvuta puani. Barakoa ivaliwe.

Nairobi, hasa Kibera, kuna mafundi wanaojua hatua hizo zote kwa moyo, ingawa wao hutengeneza shanga, bangili na vijiko kutokana na mifupa ya buchani. Kutoka bangili hadi nati ni hatua fupi. Kinachohitajika ni vipimo.

Na Afrika Mashariki na Kati haijapungukiwa na watu wa kuzihitaji nati hizo. Gitaa kavu lilienea Katanga, Kenya na Tanganyika katika miaka ya 1940 na 1950, na sehemu kubwa ya magitaa hayo ilitoka Afrika Kusini. Kampuni ya Gallo iliyatengeneza Durban kwa jina la Gallotone, na Tanzania jina hilo likageuka kuwa galatoni, likamaanisha gitaa kavu lolote. Magitaa hayo yalifika mbali: mwaka 1957 kijana wa Liverpool aliyeitwa John Lennon alikuwa na Gallotone Champion, yenye kibandiko cha kiwanda kilichodhamini kwamba mbao zake hazitapasuka.

Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpigaji gitaa Jean Bosco Mwenda huko Jadotville, mji unaoitwa Likasi sasa. Mwenda alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Upigaji wake, wa kidole gumba na cha shahada, uliendesha besi na wimbo kwa pamoja, mkono wa kushoto ukikaa karibu na kichwa cha gitaa na nyuzi wazi zikilia kila mara katikati ya mapigo. Kwa mtindo huo nati si pambo. Uzi ukikaa juu mno kwenye freti ya kwanza, kidole huchoka na noti hupanda. Ukikaa chini mno, uzi wazi huungurumia freti. Edouard Masengo, Losta Abelo na wapigaji wa magharibi mwa Kenya kama George Mukabi walicheza katika eneo hilo hilo la shingo. Mpigaji alipotaka kupandisha ufunguo ili kulingana na sauti yake, alifunga penseli au kijiti juu ya shingo kwa uzi au mpira. Kijiti hicho ni nati ya muda, inayohamishika. Wengine walitumia waya za breki za baiskeli mahali pa nyuzi zilizokatika, na waya za namna hiyo huila nati ya plastiki kama msumeno.

Sasa kwenye benchi la fundi, ambako ndiko thamani ya nati hupatikana.

Kabla ya kung'oa chochote, fundi hupitisha wembe kwenye kingo zote za nati ya zamani. Vanishi ikiwa imeshikamana nayo, nati ikitoka itabandua na kipande cha kichwa. Kwa gitaa la aina ya Martin au Gibson, kijiti cha mti huegeshwa nyuma yake upande wa ubao wa freti, kikagongwa taratibu, ikilegea inatoka. Kwa Fender, nati imezama kwenye mfereji wake, hivyo husukumwa kutoka pembeni, na ikikataa hukatwa katikati kwa urefu, kisha kuminywa na plaizi hadi ijikunje. Gundi ya zamani hukwanguliwa kwa patasi ndogo. Mti usiguswe.

Kipande kipya cha mfupa husuguliwa chini kwenye msasa uliobandikwa juu ya kioo, kwa kuwa kioo hakina mabonde. Kazi hii inachosha na ndiyo inayopimwa kwanza na fundi mkongwe akiletewa nati ya mwanafunzi: hugeuza gitaa kuelekea dirishani, akatafuta mwanga chini ya nati. Mwanga ukipita, anairudisha. Unene nao upunguzwe mpaka nati isimame yenyewe katika nafasi yake bila gundi, na bado iweze kutolewa kwa vidole.

Kisha huja hila ya penseli. Penseli hupasuliwa nusu kwa urefu, upande bapa ukalazwa juu ya freti na ncha ikapitishwa usoni mwa nati. Mstari unaobaki unaonyesha kimo cha freti. Sakafu za mifereji zitakaa juu kidogo ya mstari huo, aliyeuvuka amekwisha.

Kupanga nafasi za nyuzi ni mahali ambapo wengi hukosea kwa kuamini rula. Uzi wa kwanza katika seti ya kawaida ya gitaa la umeme una unene wa milimita 0.25, wa sita 1.17. Ukipima kutoka katikati ya uzi hadi katikati ya mwingine kwa umbali ulio sawa, nyuzi nene zitabanana na nyembamba zitaachana. Fundi hupima nafasi tupu iliyopo kati ya uzi na uzi, nayo ndiyo iwe sawa. Nyuzi mbili za pembeni huachiwa karibu milimita tatu kutoka ukingoni ili zisichomoke mpigaji anapovuta.

Mifereji hukatwa kwa tupa nyembamba zenye unene wa kila uzi, na seti yake si ya bei ndogo. Wasio nazo hutumia zile sindano zenye meno ambazo wachomeleaji wa gesi huzibulia nozeli zao. Zinapatikana katika maduka mengi ya vifaa na unene wake hupishana vizuri. Kila mfereji uteremke nyuma, kuelekea kwenye kigingi chake, ili uzi uguse mfupa kwa uhakika kwenye ukingo wa mbele. Ukigusa nyuma, uzi wazi hutetema ovyo na noti hukosa mahali pake. Nyuzi nene zizame hadi nusu ya unene wao tu. Mfereji mwembamba kuliko uzi huubana, na hapo ndipo unaposikia ule mlio mkali wa "ping" wakati wa kukaza, uzi ukiruka badala ya kupanda polepole. Grafiti ya penseli ndani ya mfereji husaidia, ikiwa umekatwa sawasawa.

Kipimo cha mwisho hakihitaji mashine. Uzi hubanwa kwenye freti ya tatu, kisha jicho huangalia juu ya freti ya kwanza. Pawe na nafasi, lakini ya unywele: milimita 0.1 au 0.2 kwa nyuzi nyembamba, kidogo zaidi kwa nene. Ukiugonga uzi hapo kwa ncha ya kidole, husikika mgongano mdogo. Usiposikika, mfereji umezama kupita kiasi. Baadhi ya mafundi hufukia kosa hilo kwa vumbi la mfupa lililochanganywa na supagluu, na dawa hiyo hufanya kazi kwa miezi. Aliyelipwa kwa nati mpya na achonge nati mpya. Gundi ya kuishikilia ni matone mawili tu. Fundi anayeijaza gundi anamtukana fundi wa baadaye.

Wapigaji wa mkono wa kushoto wana hadithi zao. Paul McCartney amesimulia jinsi alivyogeuza nyuzi za gitaa lake la kwanza, la Zenith, akalazimika kuchonga kijiti cha kiberiti ili kuinua uzi mwembamba uliopotea ndani ya mfereji wa uzi mnene. Jimi Hendrix alipiga Stratocaster za mkono wa kulia zilizogeuzwa, nati ikiwa imegeuzwa pia. Kwa gitaa lililogeuzwa kwa ajili ya mkono wa kushoto, nati ya kuchongwa mahsusi ndiyo njia pekee ya heshima.

Mwenye gitaa kuukuu lenye nati ya pembe asiing'oe ili ajifanye mwema. Ndovu huyo amekwisha kufa zaidi ya karne iliyopita, na gitaa likibadilishwa hupoteza historia yake. Atafute cheti kabla ya kuvuka nalo mpaka. Mwenye gitaa jipya la bei nafuu, ambaye F kwenye freti ya kwanza inamliza vidole, abane uzi kwenye freti ya tatu na atazame ya kwanza. Akiona nafasi ya nusu milimita au zaidi, ampelekee fundi gitaa hilo hilo kabla ya kulitupa, na apitie bucha njiani kuchukua mfupa wa muundi.